Jirani Kaunganishwa Intaneti, Spidi Yangu Ikashuka

Tulikuwa kwenye kikao cha harusi. Kamati iko Morogoro, mimi niko Reading, Uingereza, Jumamosi asubuhi ya baridi huku na kule kwao ni saa saba mchana. Mweka hazina anasoma ahadi moja moja, jina langu ndo linafuata, mara skrini ikaganda, sura ya baba mdogo ikabaki mdomo wazi, na taa ya ruta ikageuka rangi ya chungwa.

Nikasimama kuangalia dirishani, bila sababu yoyote. Mwisho wa mtaa pale kuna lile kabati la kijani la simu, milango yake ilikuwa wazi na fundi amechuchumaa mbele yake, gari limeegeshwa pembeni.

Dakika chache mbele intaneti ikarudi. Baba mdogo akaniuliza, "Mwanangu, kumbe hata huko Ulaya mtandao unasumbua?" Nikamwambia shikamoo tena, hapana baba mdogo, ni kitu kidogo tu, tuendelee.

Jioni nikafungua ukurasa wa ruta. Laini yangu ambayo tangu nihamie hapa ilikuwa inakaa kwenye megabiti 66, sasa ilikuwa inasoma 55. Kesho yake 55. Wiki ikapita, 55.

Nyumba ya pembeni ilikuwa tupu tangu kiangazi. Wiki ileile kuna familia ilihamia.

Hilo ndo lililonikaa kichwani. Nyaya zao na zangu hazigusani popote, kila mmoja ana za kwake kutoka nyumbani mpaka kabatini, kila mmoja analipa bili yake, sasa inakuwaje wao kuunganishwa kunichukulie mimi megabiti 11?

## Kwanza nikaondoa yale ya kawaida

Wengi mtasema wifi. Au saa za jioni watu wamejaa. Au ukuta wa nyumba za kizungu za matofali mazito. Ila namba ninayoisema si ya speedtest, ni ile ruta yenyewe inayoandika baada ya kukubaliana na mashine iliyoko kabatini kwamba kati yetu tutaongea kwa kasi hii. Wifi haimo humo, na msongamano wa mtandao mbele ya safari haumo. Ni ruta, nyaya mbili za shaba, na kabati, basi.

Pembeni ya hiyo namba kuna nyingine mbili ambazo watu hawazitazami. Moja ni upotevu wa mawimbi njiani, nyingine ni ziada inayoachwa juu ya kelele, zote zinapimwa kwa desibeli. Upotevu haukuwa umebadilika hata kidogo, maana yake waya haukuwa umekatika, haukuwa umeoza kiungo, urefu ni uleule. Ile ziada ilikuwa 6 kama siku zote, kwa sababu laini nyingi huku zinapangiwa ziache desibeli 6 hivi. Kilichobadilika ni spidi peke yake. Yaani ili ruta iendelee kuacha zile desibeli 6, imelazimika kuongea taratibu zaidi. Na sababu ya kawaida ya kufanya hivyo ni kwamba kelele ndani ya waya imepanda.

Nikapiga simu kwa kampuni yangu. Kijana mpole sana, akapima, akaniambia laini yako haina hitilafu, iko ndani ya kiwango. Nikamuuliza kama kelele imeongezeka kwa sababu ya jirani kuunganishwa. Akasema hiyo hawaioni kwenye mfumo wao. Akanishauri nizime ruta na kuiwasha.

Hakudanganya. Laini yangu kweli haikuwa na hitilafu, na hapo ndo nikaona kwamba jibu lake halifiki kwenye swali langu kabisa.

## Hesabu ya megabiti 11

Intaneti nyingi ya nyumbani hapa Uingereza kwa miaka zaidi ya 10 imekuwa nusu faiba nusu shaba. Faiba inafika mpaka kwenye kabati la kijani, halafu kutoka pale hadi sebuleni kwako ni ule ule waya wa simu wa zamani. Teknolojia ya kipande hicho cha mwisho inaitwa VDSL2, na inafanya kitu ambacho mimi nikikifikiria nakiheshimu sana: inachukua waya uliowekwa kwa ajili ya sauti, inapitisha masafa mpaka megahezi 17 na ushee, na kuyagawa katika vichaneli vidogo 4,096, kila kimoja kina upana wa kilohezi 4.3125.

Kila kichaneli kinapimwa peke yake. Kikiwa safi kinabebeshwa biti nyingi, mpaka 15 kwa mpigo mmoja. Kikiwa na kelele kinapewa chache, au kinaachwa kabisa. Mipigo ni kama 4,000 kwa sekunde.

Sasa sikiliza hesabu, maana ndo iliyonifungua macho. Kelele ikipanda desibeli 3 hivi, kichaneli kinapoteza biti moja. Biti moja tu. Lakini vikiwa vichaneli 1,000 vimepoteza biti moja moja, zidisha mara 4,000, umepoteza megabiti 4 kwa sekunde. Kwenye masafa ya juu ambako laini ilikuwa inajikongoja tayari, kelele ikipanda desibeli 6 au zaidi, zile 11 zimeshaondoka na hakuna chochote kilichoharibika.

Nilikaa na hiyo karatasi muda mrefu. Nilikuwa natafuta kitu kilichovunjika, na hesabu inaniambia hakuna haja ya kitu kuvunjika.

## Bomba moja chini ya barabara

Toka kabatini nyaya haziji moja moja. Zinafungwa pamoja makumi kwa makumi ndani ya kebo moja, kebo inapita chini ya barabara, halafu zinaachana zikikaribia nyumba. Kwa hiyo jozi yangu ya nyaya na jozi ya jirani, ambazo mlangoni kwangu hazigusani, zinaweza kuwa zimelala ubavu kwa ubavu mita mia kadhaa.

Na umeme haukai ndani ya waya peke yake. Mawimbi yanayopita kwenye jozi moja yanaamsha mawimbi madogo kwenye jozi ya pembeni. Mafundi wanaita krostoki.

Tatizo lenyewe si geni hata kidogo. Alexander Graham Bell aliandikisha hataza ya kusokota nyaya mbili kwa mbili mwaka 1881, kwa sababu hiyohiyo, ili kile kinachoingia kwenye waya wa kwanza kiingie sawasawa na kwenye wa pili, na upande wa pili wa laini vifutane. Kwenye kebo nzuri kila jozi inasokotwa kwa mwendo wake, tofauti na ya jirani yake, ili zisipate kulingana. Usiichukulie kirahisi kazi hiyo, ni ufundi wa akili sana.

Lakini ulikuwa ufundi wa sauti ya binadamu, kilohezi 3 na kidogo. VDSL2 inapita juu yake zaidi ya mara elfu tano. Na kadiri masafa yanavyopanda ndivyo uvujaji unavyokua, kadiri nyaya zinavyolala pamoja kwa urefu ndivyo unavyokua pia.

Waliokulia na simu za mezani nyumbani wanajua jambo hili kwa masikio. Shangazi yangu Tanga alikuwa na ile simu ya kuzungusha, ilikaa juu ya kitambaa cha kufuma, na kuna siku unapiga Dar unasikia chini ya sauti yako watu wawili usiowajua wanaelewana habari za mzigo wa machungwa. Mvua ikinyesha ndo inazidi, kwa sababu maji yakiingia kwenye viungo zile nyaya mbili hazilingani tena na kufutana kunakufa. Shangazi alikuwa anasema, laini zimeingiliana, kata upige tena.

Tofauti ni kwamba siku hizi husikii mtu. Mazungumzo ya jirani yanaingia kwako kama namba iliyopungua kwenye ukurasa wa ruta.

## Sababu ya upload kuwa kidogo

Hapa nilipotelea kwa siku nzima nikisoma, na nilichokikuta nimewahadithia watu wote walionivumilia.

Kila mtu aliyewahi kulipia intaneti ya shaba anajua kupakua ni kukubwa na kupakia ni kudogo. Sisi tulio mbali na nyumbani tunaiona zaidi, maana sisi ndo tunatuma video za watoto kwa bibi yao, sisi ndo tunakaa kwenye vikao saa mbili kamera imewashwa. Wengi wanaamini ni mipango ya biashara tu.

Biashara imo, lakini mzizi wake ni krostoki.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kule Marekani, maabara ya Bellcore ilikuwa na mhandisi anaitwa Joseph Lechleider. Kazi ilikuwa kupitisha data nyingi kwenye nyaya za simu zilizopo, na kila walipojaribu kutuma kwa nguvu sawa pande zote mbili, laini zilikuwa zinauana. Jiweke upande wa kituo cha simu. Pale mamia ya laini yanakutana, kila moja mashine inatuma kwa nguvu kuelekea majumbani, na palepale, sentimita chache pembeni, mashine nyingine inajaribu kusikia ishara iliyotoka nyumbani kilomita kadhaa, imeshachoka njia nzima. Ni mtu anakunong'oneza kutoka ng'ambo ya uwanja wakati mwingine anapiga kelele sikioni mwako.

Lechleider akaona kwamba pande mbili zikiacha kuwa sawa, njia ya kuja ikawa pana na ya kwenda ikawa nyembamba, kuingiliana kunapungua na jumla ya data inayopita inakuwa kubwa zaidi. Ile A mwanzoni mwa ADSL, intaneti ya waya wa simu iliyotangulia VDSL2, imetoka hapo, ni ya asymmetric, yaani pande zisizo sawa. Alifariki mwaka 2015 akiwa na miaka 82, na nadhani watu wachache sana waliowahi kulalamikia upload wamewahi kusikia jina lake.

VDSL2 nayo imetenganisha masafa ya kwenda na ya kuja, kwa hiyo yale makelele ya sikioni mengi yamedhibitiwa. Kinachobaki ni uvujaji wa aina ya pili: ishara ya jirani inavuja njiani, inasafiri pamoja na ya kwako, na zinaingia pamoja kwenye ruta yako. Hiyo haina pa kutengwa, kwa sababu inatumia masafa yaleyale.

## Nilitaka kuwa na uhakika

Nadharia ni nzuri, lakini nadharia haithibitishi kwamba ni hii familia. Wakati fundi ameshika kabati angeweza kugusa waya wangu tu. Au nyumba nyingine tatu mtaani zilijiunga mwezi huohuo nami sijui.

Kilichonitia shaka zaidi ni kwamba mtaa mzima huu una laini nyingi tayari. Mbona mmoja aongezeke halafu nishuke hivyo? Wahandisi wana kanuni yao ya kukadiria, kelele inakua kwa idadi ya majirani iliyopandishwa kwa kipeo cha 0.6. Kwa lugha ya kawaida, jirani wa kwanza anaumiza sana, wa kumi anaongeza kidogo, ukizidisha idadi mara mbili kelele inapanda chini ya desibeli 2. Kwa kanuni hiyo mtu mmoja kwenye laini makumi hawezi kunipunguzia megabiti 11.

Hapo nilikaribia kuachana na habari nzima.

Halafu nikaelewa kanuni ile imetengenezwa kwa ajili ya gani. Ni ya kupangia mtandao, ya kesi mbaya kwa jumla, haijui jozi yako imelala karibu na nani. Kwenye kebo halisi uvujaji kati ya jozi na jozi unatofautiana sana sana. Laini ishirini zilizolala upande wa pili wa kebo zinaweza zisikuguse, na moja iliyolala juu yako njia nzima ikakupiga kuliko zote kwa pamoja. Nani kalala na nani ndani ya kebo, hilo liliamuliwa na fundi aliyeunga nyaya zile miaka mingi kabla hata ya mimi kuzaliwa.

Krismasi ikaja. Mama wa jirani akaniambia wanasafiri kwa ndugu zao na kwamba yeye huwa anazima kila kitu ukutani akisafiri, anaogopa moto. Jioni waliyoondoka nikatazama ile ziada juu ya kelele.

Ilikuwa imetoka 6 ikafika karibu 9.

Ikakaa hapo sikukuu zote. Siku waliyorudi, taa za sebuleni kwao zimewaka, ikashuka tena kwenye 6. Mwezi wa pili walipoenda likizo ya shule, hivyohivyo. Sikuhitaji ushahidi mwingine.

## Mimi ndo kelele yao

Lilipothibitika nilitegemea nitaridhika. Badala yake nikaona kitu ambacho kilikuwa wazi siku zote na sikuwa nimekitazama.

Uvujaji hauna upande mmoja. Kama jozi yao inavuja kwangu, yangu inavuja kwao.

Nilipokutana na mama wa jirani nje kwenye mapipa ya taka nikamuuliza intaneti yenu ikoje. Akasema wakati wanajiunga walitajiwa 60, wanapata 50 na kidogo, akadhani labda ruta mbovu. Familia ile haijawahi kuijua laini yake ikiwa safi, wao walianza maisha yao hapa wakiwa tayari na kelele yangu ndani. Mimi angalau nilikuwa na namba 66 ya kukumbuka.

Nikamweleza. Akanisikiliza vizuri, akauliza swali la maana kuliko yote niliyokuwa nimejiuliza: kwa hiyo ukizima ya kwako usiku, watoto wangu watapata zaidi? Nikamwambia kidogo, ndiyo. Tukaangaliana. Hakuna kati yetu anayeweza kuishi hivyo.

Nilipokuwa nasoma nikakuta kwamba waliopanga mitandao hii walishalifikiria jambo la jirani kwa jirani, na walilifikiria kwa haki. Nyumba zilizo karibu na kabati zikituma kwa nguvu zote, zinazamisha ishara ya nyumba za mbali. Kwa hiyo kuna sheria ndani ya teknolojia yenyewe kwamba modemu iliyo karibu ipunguze nguvu yake ya kutuma ili ya mbali isikike. Inatokea yenyewe, mwenye nyumba haulizwi. Pia kabati linapunguza nguvu kwenye masafa fulani ili lisiwazamishe wale ambao bado wanatumia ADSL ya zamani inayotoka kwenye kituo cha mbali. Kila siku nyumba zinapunguza sauti kwa ajili ya nyumba nyingine na wenye nyumba hawajui.

Ile hali ya kwanza, ya kuhisi nimeibiwa, iliisha hapo.

## Dawa ipo, tena ya miaka mingi

Mwaka 2010 shirika la viwango la ITU lilipitisha kiwango kinaitwa G.993.5, watu wanakiita vektoringi. Mashine iliyoko kabatini inapima kila laini inavuja kiasi gani kwa kila laini nyingine. Modemu za majumbani zinairudishia taarifa ya makosa zinayoyapokea, nayo inajenga ramani nzima ya uvujaji. Halafu kabla ya kutuma, inaichafua ishara ya kila mtu kwa makusudi, kinyume cha uchafu utakaoingia njiani, ili vikikutana vifutane na nyumbani ifike safi. Inafanya hivyo kwa laini zote, kichaneli kwa kichaneli, bila kupumzika.

Nilipoisoma nilifurahi kwelikweli. Ni wazo la Bell la kufutana, miaka karibu 130 baadaye, ila safari hii linafanywa kwa hesabu badala ya kusokota waya.

Shida yake ni kwamba lazima laini zote za kebo ziwe mikononi mwa mashine moja. Ikiwemo hata moja ya kampuni nyingine yenye mashine yake, uvujaji wake hauonekani kwenye ramani na faida inapungua. Ujerumani ndo walikopigana juu ya hili. Deutsche Telekom, kampuni kubwa ya simu ya huko, walitaka vektoringi, na ili ifanye kazi washindani wasiweke mashine zao za VDSL kwenye nyaya zilezile. Mdhibiti wao, Bundesnetzagentur, akakubali kwa masharti mwaka 2013 kwa makabati ya mitaani, na mwaka 2016 akaruhusu hata kwenye eneo la mita 550 kuzunguka vituo vya simu. Washindani walilalamika kwamba ukiritimba unarudi kupitia mlango wa uhandisi.

Nimejaribu kuchagua upande kwenye ugomvi ule, nimeshindwa. Fizikia inataka mwenye waya mmoja. Soko linataka wengi. Wote wana hoja.

Uingereza haikuifanya vektoringi kuwa suluhisho la makabati yote. Pesa na nguvu zilielekezwa kwenye kufikisha faiba hadi nyumbani, na Openreach, kampuni inayosimamia nyaya nyingi za simu za hapa, walijiwekea lengo la nyumba na biashara milioni 25 ifikapo Desemba 2026. Uamuzi huo nauunga mkono. Ila kwa miaka yote hiyo ya kati, watu wengi wamekaa kwenye shaba isiyofutiwa kelele, na hawajaambiwa.

## Namba inayouzwa

Zamani matangazo ya hapa yalikuwa yanaruhusiwa kusema "mpaka" spidi fulani ilimradi asilimia 10 ya wateja waipate. Mei 2018 utaratibu ukabadilika, namba ya kwenye tangazo lazima nusu ya wateja wafikie saa za msongamano. Machi 2019 mwongozo wa Ofcom, mdhibiti wa mawasiliano wa hapa, ukaongeza jambo kubwa zaidi: kampuni zilizoukubali lazima zikutajie spidi ya chini kabisa unayohakikishiwa kabla hujasaini, na ukishuka chini ya hapo zina siku 30 kurekebisha, zikishindwa unaondoka bila faini.

Hayo ni mazuri na yamewasaidia watu. Ila yanafanya kazi tu ukishuka chini ya mstari. Mimi niko juu ya mstari wangu, jirani yuko juu ya mstari wake, na wote tumepoteza.

Makadirio wanayokupa yanahesabu krostoki ndani yake, na hiyo ni sababu mojawapo ya mara nyingi kutajiwa namba mbili na si moja. Sasa kama wanaihesabu, si waitaje? Sentensi moja tu kwenye mkataba ingetosha: mtu akijiunga karibu yako spidi yako inaweza kupungua na haitakuwa hitilafu. Yule kijana mpole wa kwenye simu angekuwa na kitu cha kusema zaidi ya zima na washa. Wazee wetu huku ambao intaneti ikipungua wanadhani wameharibu kitu wao wenyewe, wanahangaika na kununua ruta mpya za paundi mia, wangepumzika. Namjua mmoja aliyebadilisha ruta mara kadhaa, na kila nikikumbuka naumia, kwa sababu hakuna hata moja kati ya ruta zile iliyokuwa mbovu.

## Baba mdogo aliuliza tena

Harusi ilifana, nilikuwepo. Baba mdogo hakuwa amesahau, akaniuliza ule mtandao wenu ulipona? Nikamweleza yote hayo tumekaa nje usiku, akasema huku kwetu hizo nyaya hazikufika hivyo hatujui taabu yake.

Ni kweli. Tanzania na Kenya nyumba chache sana ziliwahi kupata waya wa shaba, watu wakarukia simu za mkononi, na sasa mijini faiba inaingia nyumba ambazo hazijawahi kuwa na simu ya mezani. Lakini nilimwambia jirani hajaondoka. Hewani minara inatumia masafa yaleyale eneo kwa eneo na mnara wa pili unaingia kama kelele kwenye wa kwanza, ni krostoki isiyo na waya. Hata kwenye faiba, mwanga wa kioo kimoja hauvuji kwenda kioo cha pili, kuingiliana kwa aina hii kumekwisha, ila kwenye GPON, mfumo mmojawapo wa faiba za majumbani, gigabiti 2.488 za kushusha zinagawanywa kwa nyumba nyingi, mara nyingi mpaka 32. Pale mnagawana kwa zamu, mashine inajua kila mtu na inampa nafasi yake. Mimi hiyo naiona bora mara mia, kwa sababu kinachogawanywa kinajulikana.

Na kuna jambo linatokea mtaani kwetu sasa hivi ambalo sikulitegemea. Nyumba za upande wa pili zimehamia faiba moja baada ya nyingine, na kila laini ya shaba inayozimwa inaacha kebo ikiwa kimya zaidi kwa tuliobaki. Ruta yangu sasa inasoma 60. Huduma ya simu ya zamani ya sauti inatakiwa kuzimwa nchi nzima Januari 2027, ila intaneti ya shaba itaendelea kwa ambao hawajahamishwa, kwa hiyo wa mwisho kubaki kwenye kebo hii ndo atapata laini safi kuliko wote waliowahi kuitumia.

Sitaki kuwa mimi. Nyumba nimepanga, faiba inahitaji kutoboa ukuta, na ukuta una mwenyewe. Wapangaji wengi wa mtaani kwetu wamekwama hapohapo, wengine wanaogopa hata kuuliza wasije wakapandishiwa kodi. Mimi nimemwandikia mwenye nyumba, nikamwekea namba zote kwenye barua, ya mwanzo, ya kushuka na ya sasa, na nikamweleza kwa nini hakuna ruta itakayosaidia. Amejibu atatuma mtu wake aje aone tundu litapita wapi.

Mama wa jirani ameniomba nakala ya barua, na yeye amtumie mwenye nyumba wake.